Mapambo ya Kwendea Arusini

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo wengine watalidhani dogo, nalo ni mapambo avaayo mtu anapoalikwa arusini. Hatutamsemea bibi arusi, maana yeye ana somo wake na jamaa zake wa kumpamba, na gharama zake zina watu wa kuzibeba. Twataka kumsemea mwalikwa: shangazi, jirani, rafiki, au mke wa mwenzetu wa kazini, ambaye amepata habari ya arusi zikiwa zimesalia siku chache, akafungua sanduku lake, akaona hana kitu.

Jambo hili si dogo hata kidogo. Wako watu wema waliokaa nyumbani siku ya arusi ya mtoto wa ndugu yao, wakasingizia homa, na homa yenyewe ilikuwa ni kukosa vipuli. Wako na wengine waliokwenda, wakang'aa usiku mmoja, kisha wakalipa miezi mitano. Wahenga walisema, Kukopa arusi, kulipa matanga. Kwa mtu aliyekopa ili apambe masikio yake kwa arusi ya mwenziwe, methali hiyo imetimia neno kwa neno.

Basi kwanza tutaeleza kwa nini mapambo yana uzito huu katika miji yetu ya pwani. Kisha tutavitazama vitu vyenyewe kimoja kimoja, kipi chafaa na kipi ni hasara. Mwisho tutasema machache juu ya hesabu, na juu ya desturi ya kuazimana.

ASILI YA JAMBO

Katika miji ya mwambao, toka Lamu na Mombasa mpaka Unguja, Bagamoyo na Kilwa, vazi la mtu tangu zamani lilikuwa kama barua ya kumjulisha kwa watu. Zamani za utumwa katika Unguja, mjakazi alivaa aghalabu merikani isiyotiwa rangi, au kaniki. Dhahabu na hariri zilikuwa za mabibi. Mwaka 1897 sheria iliondoa hali ya utumwa katika Unguja na Pemba. Wakati huo kanga zilikuwa zimekwisha anza kuenea pwani, na wanawake waliotoka katika hali ile walikuwa miongoni mwa watu waliozipenda mno. Kwao kanga ya maua na rangi haikuwa pambo tu. Ilikuwa ushahidi ya kuwa mwenye kuivaa ana nafsi yake na hiari yake, wala hana bwana.

Tunalikumbusha jambo hili ili mtu asiwacheke mama zetu wanapokaa kitako siku tatu wakishauriana juu ya doti moja. Hamu ya kuonekana mbele za watu kuwa wewe nawe ni mtu mwenye hadhi si upuuzi. Ina asili yake, nayo ni asili ya haki. Lakini tukumbuke vilevile kwamba hadhi ile ilitafutwa kwa vipande viwili vya pamba, wala si kwa dhahabu iliyokopwa. Mtu aliyejifunga deni kwa ajili ya bangili amejitafutia bwana mwingine.

MWENYE KUKUTAZAMA NI NANI

Kabla ya kununua, yafaa mtu ajiulize ni nani atakayemwona. Katika arusi zetu za pwani wanawake hukusanyika mahali pao peke yao, mabuibui huvuliwa, na mapambo huonekana na wanawake wenzao. Macho hayo ni makali kuliko mizani ya sonara. Bibi aliyevaa vipuli vya dhahabu miaka hamsini atajua kwa mbali kama vyako ni dhahabu au ni shaba iliyochovywa. Kwa hiyo kumdanganya ni kazi bure, afadhali kumpendeza. Naye hupendezwa na nini? Hupendezwa na usafi, na kadiri, na vitu vinavyopatana. Tumepata kuwasikia mabibi wa namna hiyo wakimsifu mgeni aliyevaa kanga mpya iliyopindwa vizuri na kikuba cha asmini, na wakimnyamazia aliyevaa mikufu minne.

Tena arusi si saa moja. Mtu hukaa joto la usiku mzima, huketi chini mkekani, huinuka kucheza, hula kwa mkono. Bangili zilizojaa mpaka kiwiko humzuia kunawa. Kipuli kizito humvuta sikio mpaka likamwuma. Pambo lisilomwacha mwenyewe afurahi ni pambo baya, hata kama ni la thamani.

KANGA NA MTANDIO

Tuanze na kanga, maana ndiyo iliyo karibu na kila mkono. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyo sawa, kila kipande kina pindo lake pande zote, mji wake katikati, na jina lake, yaani maneno yaliyochapwa. Wafanya biashara wa pwani wamejipatia sifa kwa kanga, na katika Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, limejulikana vizazi kwa vizazi kwa alama yake ya Mali ya Abdulla.

Mwenye kununua kanga ya arusini na atazame mambo matatu. La kwanza, akunjue nguo na kuitazama upande wa nyuma. Ikiwa rangi imepenya vizuri na pindo limenyoka, ni kazi njema. La pili, asidanganywe na ugumu wa nguo mpya, maana huo ni wanga, nao utatoka ukifuliwa. Ainue nguo kwenye mwanga aone kama nyuzi zimesongana. La tatu, asome jina. Kanga husema, na arusini watu wote husoma. Jina la mafumbo linalomgusa mke mwenza, au wifi, au jirani mliyegombana naye, si la kuvaliwa siku hiyo. Nyumba ya furaha isigeuzwe baraza ya ugomvi. Tafuta jina la kheri, la shukrani au la kuombea baraka. Halina bei ya juu kuliko jina la matusi.

Vipande vikatwe na kupindwa kabla ya siku yenyewe. Kanga isiyopindwa, yenye nyuzi zinazoning'inia, hupoteza uzuri wake wote, na upindo ni kazi ya saa moja kwa sindano na uzi. Na mwenye gauni la rangi moja hana haja ya kununua gauni jingine kwa kila arusi: mtandio mwepesi wa rangi nyingine huligeuza, na mtandio ni kitu cha gharama ndogo kuliko vyote atakavyovitafuta.

MAUA NA MANUKATO

Lililo bora kuliko yote kwa mwenye mfuko mwembamba ni ua. Kikuba cha asmini, kilichofungwa pamoja na mrehani na kilua, hata ukiongezewa mkadi, ni pambo ambalo tajiri na maskini hulivaa sawasawa, wala hapana awezaye kusema kuwa la huyu ni la kweli na la yule ni la bandia. Hubandikwa kifuani au kwenye nywele, na harufu yake humtangulia mwenyewe mlangoni.

Lakini asmini ina kanuni yake. Vitumba huchumwa alasiri kabla havijafunguka, navyo hufunguka jioni na kutoa harufu yao usiku. Basi usinunue maua yaliyokwisha kufunguka mchana, maana kufika saa tatu za usiku yatakuwa yamenyauka na kugeuka rangi. Nunua vitumba, uvifunike kwa jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu, na kikuba ukifunge karibu na wakati wa kutoka.

Udi nao ni pambo, ingawa hauonekani. Chetezo kimoja, makaa machache na kipande kidogo cha udi hutosha kufukiza nguo za watu watatu. Fukiza nguo kabla ya kuivaa, na usikaribishe mno moto. Marashi na uturi, tone moja nyuma ya sikio latosha. Wenye adabu hukumbuka pia kuwa njiani wako watu wengine, na harufu kali si ya kupitia nayo mbele ya baraza za wanaume. Na lolote utakalojipaka, jipake kwanza, uvae mapambo baadaye, kwa sababu manukato na jasho huharibu upesi vitu vilivyochovywa.

HINA

Hina ni ya gharama ndogo, lakini yataka saa zake. Ikae mkononi saa nne au zaidi, na rangi yake hukolea siku ya pili. Kwa hiyo itiwe siku moja kabla ya arusi, wala si asubuhi yake. Katika miji mingi ya pwani mapambo makubwa ya hina ni ya mke aliyeolewa. Mwanamwali na aulize desturi ya pale aendapo.

Hapa tuna onyo. Rangi nyeusi iitwayo piko, ambayo wachoraji wengi huitumia kwa sababu hukauka upesi, si hina. Ni dawa ya kutia weusi nywele, wala haikutengenezwa kwa ngozi. Wako waliovimba mikono na kutoka malengelenge, na alama zake kubaki muda mrefu baada ya arusi kusahauliwa. Hina iliyo safi hutoa rangi ya machungwa inayoiva kuwa nyekundu ya kahawia. Ukiambiwa kuwa hina hii itakuwa nyeusi tititi kwa nusu saa, uirudishe mikono yako.

DHAHABU, FEDHA NA VINAVYOFANANA NAVYO

Sasa tufike penye mashaka makubwa. Dhahabu hupimwa kwa karati, na iliyo safi kabisa ni karati 24. Ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu katika kila sehemu 24. Ya karati 18 ni robo tatu dhahabu. Na ya karati 9 haikufika hata nusu. Alama hizi aghalabu hupigwa kwenye chombo chenyewe, mara nyingine kwa hesabu ya elfu: 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 375 ni karati 9. Fedha njema hupigwa 925. Mwenye kununua na aione alama, aone chombo kikipimwa mbele yake, apewe hati yenye uzito na karati. Watu wengine huamini sumaku, wakadhani kila kisichovutwa ni dhahabu. Sivyo, shaba nayo haivutwi na sumaku.

Lipo jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalifikiri. Bei ya pambo ina mafungu mawili: thamani ya dhahabu, na ujira wa fundi. Siku utakapoliuza, dhahabu itapimwa, lakini ujira wa fundi aghalabu haurudi. Kwa hiyo mtu anayetaka dhahabu iwe akiba yake, kama walivyofanya mama zetu tangu zamani, anunue bangili nzito isiyo na nakshi nyingi, na ainunue kwa fedha aliyoiweka, siku ambayo haina arusi wala haraka. Akiba haiozi, lakini dhahabu iliyokopwa usiku wa kuamkia arusi, ikauzwa baadaye kulipa mkopo wake, si akiba, ni tundu katika mfuko.

Asiye na dhahabu hana sababu ya kuona haya. Fedha hupendeza juu ya ngozi zetu, nayo ni ya gharama ndogo mno kuliko dhahabu. Pwani ilivaa vikuku na mitali ya fedha tangu kale. Shanga nazo, na vitu vya kifuu cha nazi, vya pembe, vya mti wa mpingo, vikisuguliwa vizuri vina heshima yao, kwa sababu havijidai kuwa kitu kingine. Linalotia aibu ni lile pambo linalojisingizia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa wale wanaopenda vilivyochovywa, hatuwakatazi, ila wajue mambo mawili. Chini ya dhahabu ile nyembamba huwa na shaba, na jasho likiila, shaba huacha rangi ya kijani shingoni. Tena vingine vimechanganywa na nikeli, ambayo huwatia baadhi ya watu muwasho na vidonda vya masikio. Mwenye masikio mepesi na avae fedha, au abaki na ua lake.

Na kanuni moja yatosha kwa vyote: chagua mahali pamoja pa kupambwa. Kanga yenye maua mengi yataka shingo tupu na vipuli vidogo. Gauni la rangi moja laweza kubeba mkufu. Vikigombana vyote, jicho halijui litue wapi.

MKOBA NA VIATU

Juu ya mkoba na viatu twaweza kusema kwa ufupi. Viwe safi, viwe vya rangi inayokubaliana na nguo nyingi, kama vile kahawia, nyeusi, au rangi ya dhahabu iliyofifia. Viatu huvuliwa mlangoni, kwa hiyo haina maana kuvifanya ndivyo vichukue fedha nyingi. Miguu ndiyo itakayoonekana; isuguliwe.

MABWANA NAO

Tusije tukadhani kuwa jambo hili ni la wanawake tu. Bwana aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia safi amekamilika. Kofia ya viua iliyofumwa kwa mkono huchukua wiki nyingi za kazi, na ndiyo maana bei yake ni kubwa. Lakini moja, ikifuliwa kwa upole na kutiwa wanga kidogo, hudumu miaka. Asiyeiweza avae iliyoshonwa kwa cherehani, bora isiwe na madoa ya mafuta. Pete ya fedha yatosha. Dhahabu kwa mwanamume Mwislamu haikuruhusiwa. Joho na jambia tumwachie bwana arusi, kama vile mwalikwa mwanamke anavyomwachia bibi arusi rangi yake na vazi lake. Mgeni hakuja kushindana na mwenye siku.

HESABU NDOGO

Tuseme mtu huenda arusi 8 kwa mwaka, na kila mara hununua vitu vya haraka kwa shilingi 15,000. Mwaka ukiisha ametoa shilingi 120,000, na sandukuni mna vipande vilivyokatika. Tuseme tena mkoba mmoja wauzwa shilingi 40,000, naye akaubeba arusi 20: kila arusi imemgharimu shilingi 2,000. Mkoba wa shilingi 12,000 uliokatika ukanda katika arusi ya tatu umemgharimu shilingi 4,000 kila mara. Basi cha bei ndogo si lazima kiwe ndicho rahisi. Nunua vitu vichache, ununue vya kudumu, na uvinunue kimoja kimoja katika miezi isiyo na arusi.

Tena fungu la kwanza katika hesabu lisiwe la mapambo. Liwe la zawadi, au la kumtunza bibi arusi. Kinachobaki ndicho cha kujipambia. Mwenye arusi hatakumbuka vipuli vyako, bali atakumbuka kama ulimshika mkono.

KUAZIMANA NA SARE

Wengine huogopa kuazima, wakitaja ile methali ya nguo ya kuazima isiyositiri maungo. Twaona methali ile yamkemea mtu anayeazima ili ajidai, wala haikemei ukarimu. Ndugu wawili, kila mmoja mwenye jozi mbili za vipuli, wana jozi nne za arusi wakibadilishana kwa adabu. Adabu yenyewe ni hii: omba mapema, chukua mbele ya shahidi wa nyumbani, usimwazimishe mtu wa tatu, kisafishe, na ukirudishe kesho yake kabla hujaulizwa. Na chombo ambacho kikipotea huwezi kukilipa, usikiazime.

Neno letu la mwisho ni kwa wenye arusi wenyewe, kwa kuwa mzigo mwingine huanzia kwao. Sare ni desturi nzuri, yaonyesha umoja wa jamaa. Lakini sare ya bei kubwa, iliyotangazwa wiki moja kabla, huwafukuza walio maskini bila ya kuwaambia ondokeni. Chagueni doti ya kanga ya kadiri, mtangaze miezi miwili kabla, na mseme waziwazi kwamba asiyeweza na avae mtandio wa rangi hiyo, au hata ua tu. Hapo shangazi yule hatapatwa na homa. Atakuja asubuhi kupembua mchele, atakesha na wenziwe, na usiku atapiga vigelegele kwa sauti ambayo hapana sonara awezaye kuiuza.

Basi mabibi na mabwana, tukusanye maneno yetu: usafi kwanza, kitu kimoja chema kuliko vitano vibovu, ua la jioni kuliko dhahabu ya mkopo, na zawadi kabla ya pambo. Mungu azibariki arusi zenu, nanyi mwende mkarudi salama bila ya deni.